Tibra na Kunazi za Kusahaulisha

Mimi na Tibra tuliolewa katika ua mmoja, nje kidogo ya Ajim, kisiwani Jerba: yeye na kaka mkubwa, Ayyad, mimi na mdogo wake, Yunes. Alinitangulia kwa miaka mitatu. Siku naingia, nimefunikwa gubigubi na kulia kama desturi inavyotaka, nikasikia mtu ananinong'oneza sikioni, "Lia kidogo tu, bibie. Bakiza ya siku ya kuzaa." Nikacheka ndani ya shela, mama mkwe akadhani nimezidisha kilio, akanisifu kwa wageni. Huyo ndiye Tibra niliyemkuta.

Mkunazi wa ua wetu ulikuwa karibu na birika la mvua, na kazi yake yote ilikuwa ya Tibra. Mwisho wa kiangazi alizichuma kunazi, akazianika juu ya paa, akazitwanga unga na kuufinyanga mikate midogo isiyooza mwaka mzima. Majani aliyakausha kivulini, akayaponda na kuyachekecha mpaka yakawa laini kama poda, kwa kuwa Ajim nzima, mtu akifariki, walikuja kugonga kwetu kuomba majani ya kuoshea. Hakuyatoza hata siku moja. Jirani mmoja, bahili wa kutajwa, aliwahi kumuuliza akiba yake ataijua vipi akigawa bure. Tibra akamjibu, "Yako nimekwisha kuitenga, baba. Ukiihitaji usione haya." Yule mzee hakupita tena njia yetu.

Ayyad alikuwa mtu wa duka la Tunis, kama walivyo wanaume wetu wote. Mwaka na nusu dukani, miezi sita nyumbani, kisha ndugu mwingine anashika zamu. Nilimwona mara chache tu, na nilikuwa nikiinamisha kichwa, kwa hiyo nakumbuka zaidi viatu vyake. Safari yake ya tatu tangu amwoe Tibra, aliondoka asubuhi yenye upepo. Tibra alikuwa amemfungia mfuko wa kunazi na mikate kumi na miwili. Tulisimama mlangoni tukimtazama akishuka kati ya mizeituni nyuma ya punda, anatafuna, anatema kokwa huku na huku. Hakugeuka. Lakini nani anageuka? Mume wangu naye hageuki, husema kugeuka kunachelewesha safari.

Zamu ilipokwisha, Yunes alikwenda kumpokea akakuta duka limefungwa na ufunguo uko kwa muuza mafuta wa jirani. Ayyad alikuwa ameondoka wiki sita nyuma na begi moja. Hakukuwa na ugomvi, wala hakukuwa na fedha iliyopotea. Alimwambia tu yule muuza mafuta, "Yunes akija mpe huu." Mtu mmoja alimwona kituoni akipanda treni ya kwenda magharibi, upande wa Algeria. Basi. Barua ya kwanza hatukuipata, wala ya pili.

Miaka saba ikapita hivyo. Mama mkwe, Bi Zhira, kila Alhamisi alipakua kuskusi bakuli moja zaidi, akaliweka mahali pa Ayyad, na baada ya chakula akalimimina tena sufuriani. Tibra alikuwa bado mcheshi. Akiulizwa habari za mumewe alisema, "Anatafuta kiatu kinachomtosha." Wanawake walicheka, naye akacheka, na mimi niliyelala chumba cha pili nikajua kicheko kile kilikuwa cha mchana tu.

Ndipo alipokuja Sakellari.

Huyu alikuwa Mgiriki wa sifongo, mtu wa kisiwa cha Kalimnos. Alikuwa mzamiaji, wale wanaovalishwa kofia kubwa ya shaba na kushushwa kina kirefu, mpaka siku moja alipopandishwa haraka na miguu ikafa nusu. Chombo chake kiliondoka, yeye akabaki Ajim akishona nyavu na kusafisha sifongo, akitembelea magongo mawili au punda. Lugha yetu aliisema vibaya lakini kwa furaha. Alipenda kunazi kuliko mbuzi. Alikuwa akifika mlangoni, Bi Zhira akikaa naye barazani kama mwangalizi, sisi tukiwa upande wa ndani na pindo la shela mdomoni.

Siku hiyo Tibra alimtania, "Sakellari, utatumalizia mti. Kwenu hakuna kunazi?"

"Kwetu ziko kwenye hadithi tu," akasema, akitema kokwa kwenye kiganja.

"Haya, tuhadithie. Kula bure nako kuna mwisho."

Akatuhadithia. Zamani sana mabaharia wa Kigiriki, wakitoka vitani, walisukumwa na upepo siku tisa hadi kisiwa hiki. Walioshuka kutafuta maji wakawakuta wenyeji ni watu wapole, wakawapa tunda tamu, wanaliita lotosi. Waliolionja hawakutaka tena kurudi. Mke, watoto, nyumba, vyote viliwatoka kichwani. Walitaka kukaa tu na kutafuna. Ikabidi jemadari wao awaburute huku wanalia, awafunge kamba chini ya mabao ya makasia.

"Tunda gani hilo?" Tibra akauliza.

"Hilo ulilolishika."

"Muongo wewe."

"Wasomi wetu wanabishana. Wengine wanasema ni yungiyungi la majini, wengine tende. Lakini manahodha wa Kalimnos, wakiuona tu ukingo wa Jerba, wanasema, tumefika kwa wala lotosi. Na wakifika hapa wanaonyeshwa mkunazi."

Bi Zhira alicheka mpaka akajifuta macho. "Kwa hiyo babu zetu waliwaroga babu zenu kwa kunazi!"

Tibra hakucheka. "Hao walikuwa wageni," akasema. "Na mwenyeji je? Mwenyeji akila, kisha akaondoka?"

Sakellari akainua mabega. "Labda huyo husahau Jerba."

Akatema kokwa nyingine. Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Nilimtazama Tibra nikaona ameliweka chini bakuli la kunazi taratibu, kama mtu anayemweka mtoto aliyelala.

Tangu siku ile hakutia kunazi mdomoni. Kwanza nilidhani ni tumbo. Kisha akaanza kuniuliza maswali tukiwa tunasaga shayiri. "Mbarka, safari ya kwanza nilimfungia mikate mingapi? Sita?" Nikamwambia sijui, sikuwa nimeolewa. "Sita. Akarudi baada ya miezi kumi na minane. Safari ya pili nane, akachelewa miezi miwili. Ya tatu kumi na miwili." Akasimamisha jiwe la kusagia. "Mimi ndiye niliyemlisha."

"Wewe, hiyo ni porojo ya Mkristo mwenye njaa."

"Anapita njiani anatafuna, anatema. Kila kokwa anayotema, anasahau kitu kimoja. Hapo kwenye mizeituni alikwisha kusahau mlango."

Aliwanyang'anya watoto wangu kunazi mkononi. Majirani waliokuja kununua mikate aliwarudisha. Majani tu ndiyo hakuacha kuyagawa, akisema wafu waache wasahau, ni haki yao.

Halafu akaanza kumwona.

Hakuwa akimwona usiku, kama mtu angedhani. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, saa ambayo kivuli cha mti kinajikunja chini ya shina na ua mzima umelala. Aliniambia kuna mtu anakaa chini ya mkunazi ametupa mgongo. Burnusi, lile joho lenye kofia, ni ya Ayyad, mabega ni ya Ayyad. Anatafuna. Tibra anasikia kokwa zikianguka juu ya mfuniko wa birika, tik, kisha kimya, kisha tik. Akimkaribia hakuna mtu. Nilikaa naye adhuhuri tatu mfululizo. Sikuona kitu. Lakini siku ya tatu nilisikia tik moja kwenye mfuniko, na upepo haukuwapo. Niliingia ndani nikawafungia watoto mlango. Kumwambia kwamba nimesikia, sikumwambia. Niliona nitamtilia kuni motoni.

Bi Zhira alisema ni majini, kwamba mkunazi hauna mti mwenzake kwa wapangaji wa aina hiyo, na akafukiza. Haikusaidia.

Asubuhi moja niliamshwa na mlio wa shoka. Nilitoka kichwa wazi nikamkuta Tibra amefunga mikono ya nguo shingoni, anaukata mti. Pigo la kwanza lilikuwa limekwisha kuchubua gome, na mti wa ndani wa mkunazi ni mwekundu, mwekundu kweli. Bi Zhira alikuwa anapiga yowe kwamba kukata mkunazi ni dhambi inayomwangusha mtu kichwa chini motoni. Tibra alimjibu kwa upole, "Basi nitaanguka, mama," akainua shoka tena.

Sakellari alikuwa njiani juu ya punda wake. Alisikia yowe, akaingia uani bila hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akajitupa chini kutoka kwa punda na kutambaa kwa viwiko mpaka kwenye shina. Akalikumbatia.

"Usikate!"

"Toka, Sakellari. Nitakukata na wewe."

"Kwetu wanasema mti huu ulikuwa msichana! Alikuwa anakimbizwa na mungu mmoja mlevi, akageuka mti. Na mwanamke mwingine akamchumia mwanawe maua, tawi likatoka damu, naye akageuka mti pale pale, maziwa yangali kifuani. Usikate."

"Hadithi nyingine tena!" Tibra akapiga kelele, sauti niliyokuwa sijaisikia tangu nimjue. "Ile moja imenikalia koo, unanitia ya pili? Mume wangu kasahau kwao kwa mkono wangu, nawe ndiye uliyeniambia!"

Sakellari akamtazama. Uso wake ulikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi.

"Nilikudanganya," akasema.

Shoka likabaki juu.

"Hilo la mwenyeji halimo kwenye hadithi. Uliniuliza, sikuwa na jibu, nikatunga. Nilitaka ucheke. Mtu akila lotosi anataka kubaki hapa, basi. Hakuna aliyekula akakimbia."

"Na wewe je? Umekula miaka yote hii. Umesahau?"

Alijifuta udongo machoni.

"Sijasahau hata jiwe moja," akasema. "Nina mke, Themelina. Nyumba yetu ina ngazi kumi na moja, ya saba imevunjika, niliahidi kuitengeneza. Nina binti. Nilipopooza, chombo kilipoondoka nilisema nitapanda kinachofuata. Kinachofuata kikaja. Nani anataka kurudishwa kwa mkewe kwenye machela? Watu wakiniuliza mbona hurudi, nasema, aa, kunazi, zimenisahaulisha. Wanacheka, maneno yanaisha. Tunda halijamshika mtu, Tibra. Nimebaki mwenyewe."

Tibra akaketi chini na shoka mapajani. Nilidhani atatulia, kwani ameambiwa hana kosa. Lakini nilimwona anazidi kukauka uso.

"Kumbe anakumbuka," akasema. "Anakumbuka, na haji."

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kunazi zilikuwa zinamtesa na kumhifadhi kwa wakati mmoja.

Tibra akamwambia Mgiriki, "Andika barua."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye ngazi. Nataka kusikia mwanamke anajibu nini."

Aliandika, nadhani kwa kumwogopa. Barua ilikwenda na chombo cha sifongo mwisho wa msimu, na jibu likaja msimu uliofuata. Sakellari aliileta barua hiyo kwetu ikiwa bado imefungwa. Aliisoma kwanza kimya, halafu akatufasiria, mstari kwa mstari, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe.

"'Kwa mtu aliyeandika kutoka Jerba. Mume wangu alifia baharini. Nilivaa nyeusi na sijaivua. Kaburi lake lina koti lake la harusi ndani, na ngano ya marehemu tumempikia kila mwaka. Binti yake ameolewa akiwa yatima, na mumewe anamheshimu kama yatima. Usituandikie tena. Kama ulimjua marehemu, mwombee.'"

Akaikunja mara nne. Akajaribu kutabasamu. "Nimekufa, Tibra."

Tibra akamwambia kama tunavyoambiana mlangoni mwa nyumba yenye matanga, "Mungu akuongezee subira. Pole kwa msiba."

Sakellari akalia. Bi Zhira alimletea maziwa ya mgando, akampa kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki ile ile Tibra alimwomba Yunes ampeleke kwa kadhi, mjini Humt Suk. Sheria ilikuwapo siku zote: mume akipotea, miaka ikatimia, kadhi humpa mke ruhusa, akae eda kama mjane. Kila mtu alikuwa akiijua, na hakuna aliyethubutu kuitaja mbele ya Bi Zhira. Alipopata habari alisimama mlangoni na fimbo.

"Unamzika mwanangu akiwa hai?"

"Wewe endelea kumpakulia, mama. Sikukatazi. Wewe ni mamaye. Mimi nimechoka kuutazama mgongo wake."

"Na akirudi?"

"Atakukuta wewe."

Bi Zhira hakusema naye muda wote wa eda. Lakini chakula cha Tibra alikuwa anakipakua mwenyewe, vipande vizuri vya samaki, na kunipa mimi nimpelekee. Tibra alivaa nguo nyeupe, akakaa chumbani miezi minne na siku kumi, mlango ukielekea mti. Yule mtu wa adhuhuri hakukoma. Alikuwa akija kila siku na kukaa. Tibra alikuwa hamwogopi tena, alikuwa anashona huku akimtazama, kama watu wawili wanaongoja zamu mahali pamoja.

Siku chache kabla ya eda kwisha aliniita. Nilimkuta amejifunika blanketi kwenye joto lile.

"Leo kageuka," akasema.

Nikaketi kando yake. "Kasema nini?"

"Hakusema. Nilimtazama usoni. Mbarka, sikumjua. Kwanza alikuwa na uso wa baba yangu, kisha wa mchimba visima mmoja, kisha wa mtu yeyote tu. Nikamwambia, lete uso wako. Akawa anajaribu, maskini. Anajaribu mmoja, anaacha, anajaribu mwingine." Akanishika mkono. "Hakuwa nao. Uso wake ulikuwa kwangu mimi, na mimi nimeupoteza. Sijui lini. Miaka yote nalia kwamba nimesahauliwa, na aliyesahau ni mimi. Wewe unaukumbuka?"

Ningeweza kumtungia uso. Nilimwambia kweli, kwamba nakumbuka viatu. Alicheka na kulia pamoja, mpaka Bi Zhira akaja kusimama mlangoni na kuuliza, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, "Nini?" Tibra hakumwambia. Hakutaka kumtia mama hofu ya kwenda kuutafuta uso ule ndani yake.

Mtu wa adhuhuri hakuonekana tena. Tibra aliachiwa huru, akachumbiwa na mfinyanzi wa Gellala mwenye heshima zake, akakataa, akabaki katika ua wetu. Kunazi alirudi kuzila, bila furaha kubwa. Sakellari alikufa mwaka wa baridi kali, akazikwa na watu wa kanisa lao. Bi Zhira akafuata, na sote tuliokaa mezani Alhamisi iliyofuata tuliona nafasi bila bakuli.

Ilikuwa miaka kumi na moja baada ya eda, saa ya alasiri, alipokuja kijana mmoja kutoka Annaba, Algeria, muungwana mwenye koti la mjini. Alikuwa karani wa duka la huko. Alisema bwana wake, Ayyad jina lake, amefariki kwa homa, ameacha mke na wana wawili, naye ametumwa kutafuta jamaa. Bwana mwenyewe alikuwa akiwaambia watu miaka yote kwamba kwao ni Sfax.

"Sfax!" Tibra akasema.

"Ndiyo, mama. Nimekwenda Sfax siku nne, hakuna anayemjua."

Tibra akaniangalia, nikamwangalia, na Mungu atusamehe, tukacheka. Mtu wa Jerba kujiita mtu wa Sfax, washindani wetu wa maduka! Yunes alitoka nje kwa hasira, akasema hata angejiita Mfaransa ingekuwa afadhali. Yule kijana alingoja tumalize.

"Ikawaje ukafika hapa?" Tibra akamuuliza, akijifuta macho kwa ncha ya shela.

"Kwenye homa alisema maneno ambayo hatukuyaelewa. Siku mbili nzima, yale yale. Tulidhani anataka maji, tukampa, akayasukuma. Tukamwita muuza duka mmoja wa kwenu asikilize. Akasema hiyo ni lugha ya Ajim. Akasema huyu anamwendesha mnyama wa kuvuta ndoo ya kisima. Shuka, shuka, simama, geuka, panda. Ndivyo?"

"Ndivyo," akasema Tibra. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Siku mbili nzima?"

"Siku mbili, mama. Hakupumzika."

"Na maji je, alikuwa akiyamimina? Kuna neno mtu husema ndoo ikifika juu, la kumwambia anayemimina." Akalitaja.

Kijana akafikiri kwa dhati. "Hilo sikulisikia," akasema.

Tibra akatikisa kichwa polepole. Akamuuliza wale wana wawili wanaitwa nani, na mkubwa ana umri gani, na kama mama yao ana ndugu wa kumsaidia. Kisha akainuka kuwasha moto, kwa kuwa mgeni alikuwa amesafiri siku nyingi na hakuna aliyekuwa amemkaribisha chakula. Nilimfuata jikoni. Alikuwa amesimama na unga mikononi, midomo inayapitia yale maneno ya kisimani bila sauti, naye alipoona nimemwona aliacha, akaniambia nilete kitunguu.